Muulize Nahodha: Barafuto ya ubaoni na barafuto yenyewe

SWALI: Assalam alaykum Nahodha. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Makunduchi, umri wangu miaka 61. Nimesomesha jiografia skuli kwa miaka thelathini na ushei, na kila mwaka nilichora barafuto, yaani mto wa barafu unaoteremka polepole mlimani, ubaoni kwa chaki ya buluu bila ya kuwahi kuiona. Binti yangu anaishi Anchorage, Alaska, na kiangazi hiki ananipeleka kwake, viza nimeshapata. Anataka kunikatia safari ya siku moja kutoka mji wa Seward. Mnachukuliwa kwa boti hadi karibu na barafuto, mnaingia kwenye kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya kupiga kafi, pamoja na mwongozaji, mnapiga makafi kati ya vipande vya barafu na kuangalia wanyama. Ngalawa naijua, marehemu baba alikuwa mvuvi, ila kuogelea kwangu ni kule kwa kitoto, miguu ikigusa mchanga. Goti la kulia linanisumbua. Nivae nini, nami ni mtu wa ushungi? Sala nizifanyeje? Na haja ndogo je? Binti yangu nikimuuliza hili la mwisho anacheka tu. Nijibu wewe, maana umeshaandika humu kwamba uliwahi kufanya kazi huko.

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu. Makunduchi na Kizimkazi ni pua na mdomo, kwa hiyo nakujibu kama jirani, bila ya kukuficha kitu.

Ni kweli, nilikuwa baharia wa sitaha katika meli ya abiria kwa majira mawili ya kiangazi, na Seward ilikuwa bandari yetu ya kushusha na kupakia watu. Siku moja ya mapumziko tukachanga pesa mabaharia wanne, tukaenda safari hiyo hiyo anayoitaka binti yako, kwenye barafuto ya Aialik. Mimi niliingia kwenye kayaki na kiburi chote cha mtoto wa Kizimkazi. Ndiyo maana goti lako halinitii hofu, wala kuogelea kwako. Kinachonitia hofu ni kwamba wewe bahari unaijua. Bahari unayoijua ina nyuzi 25 hadi 29, mtu akianguka anacheka, anapanda tena. Mbele ya barafuto maji yana nyuzi nne au tano, na mazoea yote mazuri tuliyolelewa nayo pwani yanageuka kuwa makosa.

Tuanze na tarehe, kwani tiketi ya ndege ndiyo inayofunga mengine. Safari hizi huanza mwisho wa Mei na kwisha mwanzoni mwa Septemba. Mimi ningechagua nusu ya pili ya Juni: mchana ni mrefu kupita kiasi, sili, wale wanyama wa baharini wanaolala juu ya barafu, wana watoto, na mvua za Agosti bado. Tena utawahi kurudi kabla ya Mwaka Kogwa, sherehe yenu ya Julai yenye nyimbo za wanawake. Sitaki wanawake wa Makunduchi wanidai sauti yao moja.

Kutoka Anchorage hadi Seward ni kilomita kama 200, kwa gari au kwa treni. Msiondoke alfajiri ya siku ya safari. Laleni Seward, na safari yenyewe msiipange siku ya mwisho ya kukaa kwenu huko. Boti ikishatoka Ghuba ya Resurrection ni lazima izunguke rasi ya Aialik, na hapo mmetokea bahari kuu, hakuna cha kukinga. Nahodha akiona mawimbi hayafai, anageuza. Nami nasema akigeuza mshukuru, mwende mkanywe chai, mjaribu kesho yake. Ila binti yako aulize kabla ya kulipa: hali ya hewa ikiharibika, pesa zinarudi au mnapewa siku nyingine?

Utasema mtu wa pwani hatapiki. Nami nilisema hivyo hivyo. Ngalawani una upepo usoni na macho yako yako upeoni. Boti ile ina chumba cha vioo, joto la hita na harufu ya kahawa. Nilitapika pale rasini mbele ya watoto wa Kimarekani waliokuwa wanakula biskuti. Muulize daktari wako kidonge cha kichefuchefu kinachokufaa, ukimeze kabla boti haijang'oa nanga, si baada ya tumbo kuanza kupanda.

Kuhusu wanyama, wengi hudhani watawaona wakiwa kwenye kayaki. La. Wengi utawaona kutoka botini, katika zile saa mbili na nusu au tatu za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi. Kwa hiyo usilale, hata kama umechoka, na ukiwa na darubini ichukue. Simba bahari utawasikia kabla ya kuwaona, wamelala juu ya majabali wakinguruma, na harufu yao ni ya soko la samaki jioni umeme ukikatika. Kwenye magenge kuna pafini, ndege mnene mwenye mdomo wa rangi kama kanga mpya, anayeruka kama vile mabawa ameazima. Ukiwa na bahati utamwona dubu mweusi ufukweni au mbuzi weupe juu kabisa mlimani. Nyangumi wa nundu wapo. Ni ndugu wa hawa wanaopita kwetu wakati wa kusi, ila si hao hao: wa kwetu wanakula kusini, Antaktika, na huja huku kuzaa; wa Alaska wanakula huko huko kiangazi, na wengi wao hushuka Hawaii majira ya baridi.

Mimi niliyempenda ni fisi maji wa baharini. Analala chali juu ya maji, mtoto kifuani, miguu juu, kama bibi aliyejilaza kwenye mkeka baada ya kula. Hana shahamu ya kumkinga baridi kama sili au nyangumi. Tegemeo lake ni manyoya, na hakuna mnyama mwenye manyoya yaliyosongamana kama yake. Hayo manyoya ndiyo yaliyomponza. Aliwindwa hadi karibu kwisha, mpaka ukaja mkataba wa 1911 wa kumlinda.

Haya, tumefika. Boti imesogea ufukweni, mmeteremka kwenye changarawe, mwongozaji anawafundisha kushika kafi la pande mbili. Hapa nikueleze nilichokifanya mimi, ili usikifanye.

Tulipoingia kwenye vipande vya barafu maji yalikuwa meupe-meupe, kama maziwa yaliyozidishwa maji. Ule ni unga wa mawe, barafuto imeyasaga kwa kuyaburura. Ukinyamaza unasikia barafu inachachatika kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Ni hewa iliyofungiwa humo tangu theluji ile ilipoanguka, inatoka punje punje. Nikafurahi. Nikavua glovu, nikachovya mkono ninawe uso, kama ninavyofanya kila asubuhi nikishua boti. Haikutimia dakika moja. Nilipotaka kuvaa tena glovu, vidole havikuwa vyangu. Kibano cha jaketi langu la uokozi kilikuwa kimefunguka. Nakiona, nakigusa, kukifunga siwezi. Mwenzangu, Mfilipino niliyepanda naye kayaki moja, akageuka akanifungia, kama mama anavyomfunga mwanawe vifungo vya sare ya skuli. Huo ni mkono mmoja tu, mwalimu, na mimi nimekaa kitako ndani ya chombo.

Watu wa maji baridi wana hesabu yao: dakika moja, dakika kumi, saa moja. Ukianguka, dakika ya kwanza pumzi inakukata na kukurusha, kazi yako ni kutulia usimeze maji. Kisha una kama dakika kumi ambazo mikono na miguu bado inakutii. Baada ya hapo jaketi ndilo linalokushikilia, na itachukua kama saa moja kabla baridi haijakuzimisha fahamu. Umeona kwamba kuogelea hakumo katika hesabu hiyo. Bingwa wa kuogelea wa Nungwi na wewe wa kugusa mchanga mnakuwa sawa, mradi jaketi limefungwa. Lifungwe barabara, na usilifungue hata kwa kupiga picha. Kupinduka kwenyewe ni nadra. Kayaki wanazotumia ni pana, za watu wawili, na zimetulia kuliko ngalawa iliyokatika mrengu.

Mavazi basi. Pamba yote iache kwa binti yako: kanga, fulana, soksi za pamba, jinzi. Pamba ikilowa hukaa na maji na kukunyonya joto. Vaa sufu au zile nguo za ndani za nailoni za kubana, tabaka juu ya tabaka, soksi za sufu, na glovu jozi mbili. Mtandio mrefu haufai, ncha zake zitashikana na mikanda ya jaketi. Tafuta ushungi wa kuvuta, ule wa kipande kimoja usio na pini, wa kitambaa kisicho cha pamba, na juu yake kofia ya sufu. Hakuna atakayekuangalia, siku ile hata wanaume wa Kizungu walikuwa wamejifunika kama maharusi. Kampuni nyingine hutoa ovaroli kamili isiyopitisha maji, inayobana shingoni na kwenye viganja. Nyingine hutoa koti la mvua, buti za mpira, na ile sketi ya kufunika tundu la kayaki, basi. Binti yako aulize ni kipi, na mwongozaji mmoja anachukua watu wangapi. Mimi ningelipa zaidi nipate ovaroli.

Ovaroli hiyo ndiyo inayotuleta kwenye swali ambalo binti yako amelicheka, na si la kucheka. Kuvaa ni kazi ya watu wawili, kuvua pia. Boti ina choo, ufukweni hamna. Nenda chooni mara boti inapopunguza mwendo kuingia ghuba ya Aialik, hata kama hujisikii, ndipo uvae. Chai ya asubuhi iwe kikombe kimoja. Maji kunywa, usijikaushe, baridi nayo inakausha mwili bila wewe kujua.

Goti: kwenye kayaki unakaa miguu umeinyoosha mbele, nyayo kwenye vikanyagio, na aliye nyuma huvitumia kuendesha usukani. Mwache mwenzako akae nyuma, wewe kaa mbele. Kuanzia leo kaa sakafuni hivyo hivyo, mgongo wima, dakika arobaini kila siku ukisikiliza redio. Goti likikataa sakafuni litakataa na huko, bora ujue mapema.

Barafuto sasa. Uso wa Aialik una upana wa karibu maili moja, na hautausogelea. Mwongozaji atakusimamisha kama nusu maili kutoka hapo, na utaona ni mbali mno, utataka kusema "tusogee kidogo." Usiseme. Kipande kikimeguka utakiona kikiteremka kimya kimya kama kitambaa, utahesabu moja, mbili, ndipo mshindo ukufikie kifuani. Katika zile sekunde mbili ndipo utakapojua kilikuwa kikubwa kiasi gani. Wimbi lake likifika mlipo limekuwa la kubembeleza tu. Karibu zaidi lingekuwa habari nyingine. Hata vile vipande vinavyoelea usivikumbatie. Sehemu tisa katika kumi ziko chini ya maji, na hupinduka bila ya kubisha hodi. Utahisi pia upepo unashuka kutoka kwenye barafuto hata siku ikiwa shwari. Ni kama umande wetu wa usiku unaotoka nchi kavu, ila huu unavuma mchana na unauma masikio.

Sili wanalala juu ya vipande hivyo, mama na mtoto. Kuna mmoja alinyanyua kichwa kututazama, na mwongozaji wetu, msichana mdogo kuliko binti yangu, akainua kafi: simameni. Tukakaa bila ya kupiga maji kwa muda uliotosha miguu yangu kufa ganzi. Kwake yeye, sili akinyanyua kichwa wewe umeshakaribia mno. Akijitupa majini mtoto anaweza kubaki peke yake juu ya barafu. Nikawa nanung'unika kimoyomoyo kwamba sisi Kizimkazi tungeshamzunguka mara tatu. Kisha yule sili akarudisha kichwa, akafumba macho, mtoto akaanza kunyonya mbele yetu. Boti langu la Kizimkazi halijawahi kumwonyesha mgeni kitu kama kile.

Sala itakuwa rahisi kuliko unavyodhani. Mwezi wa Juni huko jua linakuwa katikati ya mbingu karibu saa nane mchana kwa saa zao, ndipo adhuhuri inapoingia. Alasiri ni kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na jua linazama baada ya saa tano usiku. Boti ikirudi gatini saa kumi na mbili, bado una wasaa wa kusali nchi kavu kwa utulivu, na wewe ni msafiri, ruhusa za kupunguza na kukusanya unazijua. Taabu iko kwenye isha na alfajiri, maana usiku wenyewe hauingii giza kamili. Hilo limalize na sheikhe wako kabla ya kuondoka, au uliza msikitini Anchorage, upo. Kibla, mwalimu, ni karibu kaskazini kamili, kama kwetu! Chukua tufe la skuli na uzi, uvute kutoka Alaska hadi Makka, utaona uzi unapita karibu na ncha ya dunia.

Chakula cha mchana huwa mkate uliojazwa kitu. Agizeni mapema wa samaki au wa mboga, au bebeni wenu. Samoni yupo tele, na halibati, ambaye ni gayogayo wetu aliyekua akawa mlango. Makombo msiache ufukweni, kwa sababu ya dubu.

Na kwa kuwa umesomesha somo hili, siku inayofuata mwambie binti yako akupeleke Exit Glacier, nje kidogo ya Seward. Hiyo inafikiwa kwa gari, kisha kwa miguu polepole. Njiani kuna vibao vya miaka, kila kimoja kinaonyesha barafuto ilikuwa imefika wapi mwaka huo. Unatembea kutoka kibao hadi kibao na barafu huioni, umezungukwa na miti. Obama alipita hapo mwaka 2015. Barafuto hii, ile ya Aialik na nyingine karibu arobaini zote zinateremka kutoka uwanda mmoja wa barafu juu ya milima, unaoitwa Harding. Chukua daftari. Kalamu ya wino ikikataa kwa baridi, penseli haikatai.

SWALI: Nahodha, kwa nini watu waende Alaska wakati Kilimanjaro ina barafu? Si tukapige kafi huko huko kwetu? — Kijana wa Mkoani, Pemba

JIBU: Kijana, barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko juu kabisa, haiteremki kufika ziwa wala bahari. Ungeweka wapi kayaki? Aialik inaingia baharini mzima mzima, ndiyo tofauti. Lakini kama unataka kuiona ya Kibo kwa macho, panda mapema: kati ya 1912 na 2007 ilipungua kwa asilimia 85 hivi. Kafi lako lipigie kisiwa cha Misali, asubuhi, maji yakijaa.

SWALI: Shikamoo Nahodha. Mimi naendesha boti ya pomboo hapa hapa Kizimkazi. Mgeni akilipa anataka awe juu yao kabisa, nisipomsogeza anasema nimemwibia. Nifanyeje? — Mwanao wa Mkunguni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nawakatia pomboo njia kwa mbele, naongeza moto, napiga kelele "ruka, ruka!" Nilifanya hivyo miaka mingi na sijivunii. Alaska sheria inamkataza nahodha kumsogelea nyangumi wa nundu chini ya yadi 100, yaani kama mita 90, na abiria wanalipa vilevile na wanashukuru. Niliporudi nikabadilisha kidogo. Mgeni namweleza bei na masharti mchangani, kabla hajalowa mguu. Pomboo wakionekana, napunguza moto nikiwa mbali, nawafuata kwa ubavu, kisha nazima injini na tunakaa. Wakija wenyewe, wamekuja. Wakiondoka, siwafuati.

Kukaa ndiko kunakomshinda mgeni, hasa dakika tano za mwanzo. Mimi nilikuwa na kapu la machungwa chini ya kiti. Injini ikizimwa tu, kila mtu namgawia moja na kisu kinazunguka. Mtu anayemenya chungwa hana mkono wa kunionyesha pomboo walikokwenda.